Kushuti dokumentari ya mtaa wako kwa simu: kaa kwanza, simu baadaye

Wadau habari zenu. Tangu nionyeshe ile dokumentari ya uani kwetu Magomeni watu wananifuata niwaelekeze niliifanyaje kwa simu tu, bila kampuni wala mfadhili, na kila nikijibu najibu nusunusu naishia njiani, kwahiyo leo nimekaa naandika yote kwa mpigo mmoja. Mifano yangu ni ya Dar kwa sababu ndo ninakopajua, wewe uliyeko Mwanza, Mombasa au Bujumbura badilisha majina ya vituo, mengine utayakuta yaleyale.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Wiki tatu za mwanzo nilikuwa nashuti mji. Nimepanda ghorofani Kariakoo nachukua watu wanavyomiminika kama siafu, nimesimama Jangwani nachukua mabasi ya mwendokasi, nimevuka mpaka Kigamboni nasubiri jua lizame nyuma ya maghorofa ya Posta, nikaweka na kinanda juu yake. Nikampelekea kaka mmoja anayeediti video za harusi, akaangalia kimya mpaka mwisho akaniuliza, "hii ya mtandao gani wa simu?" Yaani nilikuwa nimetengeneza tangazo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam, sasa wewe na simu yako moja hao wote utawaweka wapi? Ukiwataka wote unapata umati, na umati hauna ugomvi na mpangaji mwenzake wala hauna deni dukani kwa Mpemba.

Tafuta kitu kimoja wanachochangia

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote na ndo nitakaa hapa muda mrefu, mambo ya simu ni rahisi utayakuta chini. Usichague mtaa, usichague hata nyumba, chagua kitu kimoja ambacho watu wa hapo hawana namna, lazima wakutane kwa ajili yake. Bomba la maji. Choo cha nje. Kijiwe cha kahawa. Kikoba cha akina mama cha Jumamosi. Kituo cha bodaboda, maana pale kuna katiba kabisa na ada ya kujiunga, mgeni hapaki tu akaanza kubeba abiria. Turubai la msiba. Kitu kinachowalazimisha watu wakutane ndicho kitakachokuonyesha nani anahesabiwa wa hapa na nani bado anaangaliwa.

Kwetu kitu hicho kilikuwa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mnanunua yuniti mnapewa tokeni ya kubonyeza kwenye mita. Nyumba niliyoshuti ni hizi za Kiswahili, mbele baraza, ukumbi umekatiza katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, nyuma uani kuna jiko, bomba na choo. Mita moja, wapangaji sita. Kuna anayelala na feni mpaka asubuhi, kuna dada mwenye friji la kugandishia barafu za kuuza, kuna fundi cherehani na pasi yake ya umeme, na kuna bibi mwenye taa moja na redio. Je wachange sawa? Ukiuliza swali hilo tu ukumbini unaweza kuondoka ukaenda kula ukarudi, utawakuta bado wanaongea.

Siku niliyopata ile sini ambayo watu wote wanaisema, umeme ulikata saa mbili usiku, yuniti zimeisha. Nilikuwa nimeshakaa nao mwezi na nusu, hakuna tena anayeshtukia simu yangu. Mtoto wa darasa la nne kapanda juu ya stuli, mama yake anamsomea tokeni kwenye simu, namba 20, nne nne, kila akibonyeza mita inalia ti, na gizani huku wapangaji wanaitikia kama wako kwenye dua, "saba… saba, sifuri… sifuri", walipofika katikati mtoto akabonyeza sivyo, ukumbi mzima ukapiga kelele "futaaa!" wakaanza upya. Taa zilipowaka nikawa nimeelekeza simu kwenye sura zao, wote wanacheka isipokuwa dada wa barafu, yeye anaangalia chini, kwa sababu mchango ule yeye ndo alikuwa hajatoa na kila mtu anajua. Bibi akamwambia tu, "njoo unywe chai." Basi. Kama dakika na kitu hivi, hakuna aliyehojiwa, na ukimwonyesha mtu ambaye hajawahi kupanga maisha yake yote anaelewa.

Kama mtaa wako umebadilika au unabadilika karibuni, hapo una bahati kama mtengenezaji, hata kama wenyeji hawana. Chukua Magomeni Kota hapohapo jirani. Zile familia 644 zilihama nyumba za chini, zikavunjwa, wakasubiri miaka, halafu Machi 2022 wakakabidhiwa ghorofa. Watu wengi wangeenda kushuti ghorofa lilivyo zuri au wangeenda kutafuta mwenye malalamiko. Mimi ningeenda na swali moja la kijinga: uani umeenda wapi? Maana uani ndo ulipokuwa unasukwa, unaanika dagaa, unamchunga mtoto wa jirani asiungue, unasikia kwamba chumba cha pili jana hawakulala vizuri. Watu hawawezi kuishi bila uani, lazima wameuhamishia mahali, labda kwenye ngazi, labda koridoni, labda chini pale pa kupaki. Kautafute, ukiupata una filamu.

Swali la "kwenu wapi"

Ukishuti habari za mtu na mahali anapoishi utaangukia tu kwenye swali hili. Dar mtu kazaliwa Temeke, baba yake kazaliwa Ilala, lakini ukimuuliza kwenu wapi anakujibu Kilwa, au Songea, au Ujiji, mahali ambapo yeye mwenyewe kafika mara mbili na zote misibani. Hadithi yote ya mji iko kwenye jibu hilo. Lakini usiliulize hivyo kwenye kamera! Likitoka vibaya linageuka swali la kabila, watu wanajifunga. Mzee wetu wa kahawa nilimwamkia vizuri shikamoo, nikakaa, nikanunua na kashata, nikamuuliza "mzee, kwenu hasa wapi?" akaniangalia akasema, "kwani unaandikisha?" Siku hiyo sikupata neno lingine, nilipata mlio wa vikombe tu.

Kwahiyo zunguka. Maswali yaliyonilipa ni haya, yatumie bure: Marehemu mzee wenu mlimzika wapi, na nani aliamua? Sikukuu ukisafiri unasema unaenda nyumbani au unasema unaenda kusalimia? Kitanda chako kizuri na vyombo vya kabatini viko hapa au umevipeleka kule? Ukiugua saa nane usiku unagonga mlango wa nani? Ufunguo wako wa akiba anao nani? Hili la ufunguo limefanya watu wawili walie, sikulitegemea kabisa, kumbe mmoja wao, jirani aliyekuwa anamwachia ufunguo alihama na yeye hajapata mwingine wa kumwamini, miaka minne anatembea na funguo zote mbili.

Na msiba. Najua ni kitu kizito na kuna watu watasema huna adabu, lakini kama unatafuta kujua nani ni wa mtaa huu hakuna kipimo kingine kinachofika pale. Turubai limefunga njia, viti vimekuja kutoka kwenye chama cha mtaa, mtu kakaa na daftari la rambirambi anaandika majina, akina mama nyuma na masufuria, wanaume wanabishana asafirishwe au azikwe hapahapa. Mimi sikushuti sura hata moja ya mfiwa. Nilishuti daftari, mkono unaoandika, na baada ya siku tatu nikashuti vijana wakihesabu viti kuvirudisha stoo. Hiyo inatosha, na niliomba kwa mwenyekiti wa chama kwanza, halafu kwa kaka wa marehemu, nikakaa mpaka wao wenyewe waliponiita.

Majina ya vituo nayo yasikupite. Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza enzi za vita vya kwanza, jina likaviringika mdomoni likawa letu. Halafu una Kwa Aziz Ali, Sinza Kijiweni, Tabata Dampo, Mbagala Rangi Tatu. Kaa na konda wa zamani muulize moja moja nani kaliita hivyo, hata akibuni, ubunifu wake ni wa hapa.

Ruhusa, na watu usiopaswa kuwaharibia

Kabla ya kutoa simu mfukoni zunguka hivi: mwenye nyumba, mjumbe, ofisi ya serikali ya mtaa. Mtendaji akikujua na ana barua yako, siku mtu akipiga kelele "anatushuti huyo!" una pa kusimama. Upande wa sheria, filamu Tanzania iko chini ya Bodi ya Filamu na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza namba 4 ya 1976, kwahiyo kama unataka kuionyesha hadharani au kuiuza nenda kaombe kibali mapema usisubiri umemaliza. Kambi za jeshi, polisi na bandarini usielekeze hata kioo. Droni ina vibali vyake kwa mamlaka ya anga na kwa kweli hauihitaji, hakuna mtu anayewaona jirani zake kutokea juu.

Sasa ruhusa ya mtu mwenyewe. Karatasi ya kusaini inatisha watu, wanadhani umewauzia kiwanja. Mimi nilikuwa nawasha kurekodi halafu namwambia, "mama, hii nitaionyesha hapa mtaani na baadaye mtandaoni, watu usiowajua watakuona, uko sawa?" naye anajibu kwa mdomo wake, limebaki. Na nilimwambia kila mtu kwamba mpaka siku ya kuonyesha anaweza kusema nitoe. Wawili walitoka. Iliniuma, mmoja alikuwa ndo bora kuliko wote, ila nilimtoa.

Mtu akikubali haina maana umemaliza, wewe ndo unajua itafika wapi, yeye hajui. Kuna mtu anawakimbia wanaomdai mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mtaani, ukimweka na sura na jina la mtaa umeshamkabidhi. Kuna mama mume wake hajui kama anacheza kikoba. Kuna kijana kamwambia mama yake kijijini kwamba ana kazi ya ofisini. Haya utayajua tu ukikaa, na ukiyajua unayaacha, au unachukua sauti bila sura. Watoto ni mpaka mzazi akubali, na hata akikubali usimchukue anaoga uani, sijui kwanini watu wanaona ni picha ya kupendeza.

Hela: utaulizwa. Usinunue maneno, maana ukilipa mtu anakupa anachodhani umelipia, machozi pamoja. Lakini usiende mikono mitupu mwezi mzima unakunywa chai ya watu. Mimi nilichanga LUKU. Kila mara walipochanga nilitoa kama mpangaji wa saba, na hilo lilinifungulia milango kuliko barua ya mtaa.

Kukaa

Wiki mbili za kwanza simu iwe mfukoni. Kweli. Nenda muda uleule, kaa mahali palepale, saidia kumenya vitunguu. Wiki ya tatu itoe uiweke mezani umeiwasha hata kama hushuti chochote. Watoto watakuja kufanya vituko mbele yake siku mbili tatu, waache, shuti vituko vyao waonyeshe, wataichoka. Utajua umefika siku watu wanaanza kugombana mbele yako bila kukuangalia, au siku bi mkubwa anakutuma dukani katikati ya kushuti. Nenda dukani.

Andika daftari. Kila usiku nilikuwa naandika mistari mitano, nani kasema nini, nini kinategemewa kesho. Ndo maana nilikuwa pale siku yuniti zinaisha, nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba elfu kumi yao inakaa siku ngapi.

Simu yenyewe sasa

Chapuchapu. Weka HD ya kawaida 1080, usijisumbue na 4K itakumalizia memori, HD yenyewe inaweza kula kama MB 100 kwa dakika kutegemea simu, hesabu mwenyewe saa moja. Weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kila picha inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na ukiacha fremu 30 zile taa za tyubu zinacheza kwenye picha kama disko. Kamera ya simu isipokuruhusu kuna programu ya Blackmagic Camera ya bure kama simu yako inaikubali. Bonyeza kioo kwa muda mpaka mwanga na fokasi vijifunge, la sivyo kila bodaboda ikipita picha inapumua. Hali ya ndege kabla ya kurekodi. Mimi nilipoteza maneno mazuri ya bibi kwa sababu shemeji alipiga kuulizia mchango wa kitchen party.

Mwanga: jua la Dar la mchana linakaa utosini, macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Shuti kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu jioni, mchana hamia ndani. Ukumbi wa nyumba ya Kiswahili ni studio, mlango wa mbele uko wazi na wa uani uko wazi, mkalishe mtu hatua mbili ndani atazame mlango, wewe kaa upande wa mlangoni. Usimweke mlango mgongoni kwake atakuwa kivuli. Na simu nyingi zikiona ukuta mweupe zinamtia mtu giza, gusa sura yake kwenye kioo mwanga ufuate ngozi yake, ukuta ukiungua uungue.

Tulia. Shikilia kila picha sekunde kumi hata kama umechoka, hesabu kimoyomoyo. Usizumu, sogea kwa miguu. Chukua mikono sana, mikono ya watu wa mtaani inaongea, anayefua, anayekunja chapati, anayehesabu chenji bila kuangalia.

Sauti ndo inayotofautisha kazi na uchafu, watu wanavumilia picha mbovu lakini sauti mbovu wanazima. Huna maiki? Azima simu ya pili, washa kinasa sauti, iweke kwenye mfuko wa shati la anayeongea au ifunge kwenye pindo la kanga karibu na kifua, halafu piga kofi moja mbele ya kamera, kofi hilo litakusaidia kuoanisha picha na sauti wakati wa kuediti. Simu nyingi fremu zake hazitulii kwahiyo kwenye klipu ndefu sauti inahama taratibu midomo inabaki, shuti vipande vya dakika tano tano na kila kipande kofi lake. Kila mahali ukimaliza waombe watu wanyamaze, rekodi dakika moja ya pale pakiwa patupu, feni, kuku, mtu anapiga mswaki nyumba ya pili. Wakati wa kuunganisha dakika hiyo itaziba viraka vyote.

Redio ni adui. Ukimhoji mtu na bongofleva inapiga nyuma, moja huwezi kukata maneno maana wimbo unaruka, mbili ukiiweka mtandaoni mwenye wimbo anakufuata na ana haki. Omba wazime. Kinyozi mmoja alikataa akasema wateja watadhani nimefunga, basi nilimhoji asubuhi kabla hajafungua na ikawa bora zaidi, anafagia huku anaongea.

Na kila usiku hamisha kazi mahali pawili. Nilimpa jamaa mmoja memori kadi anihamishie kwenye kompyuta yake, akaiformati kwanza ndo akaniuliza ilikuwa na kitu. Siku mbili za kikoba zilikwenda, zote.

Kuediti

Nilikuwa na masaa 14, filamu ikawa dakika 17. Usifungue programu kwanza. Sikiliza kila kitu na kalamu, andika maneno yenyewe watu waliyosema na dakika yake, inachosha na hakuna njia ya mkato, Kiswahili cha uani mashine haikielewi, inaandika "mchango" inaacha matusi. Halafu kata vikaratasi, kila sini kikaratasi, vitandaze sakafuni. Tafuta kinachosubiriwa. Kwangu ilikuwa rahisi: yuniti zinapungua. Nilianza na mita inasoma 31, na kila baada ya muda inarudi imeshuka, 22, 9, 3, na katikati ya namba hizo ndo maisha ya watu yanapita, bila hiyo ningekuwa na mahojiano sita yamefuatana kama mkutano wa mtaa. Wewe tafuta yako, labda ni mvua inayokuja, labda ni siku ya kuvunja kikoba, labda ni ndoo zilizopangwa foleni na maji hayajatoka.

Sauti ya msimulizi ninashauri usiweke. Ukijikuta unaihitaji ujue kuna kitu hukukishuti. CapCut inatosha kwenye simu, ukipata kompyuta yenye nguvu DaVinci Resolve ya bure ni nzuri mno. Usiweke muziki wa huzuni kwa mtu maskini, nakuomba. Bibi wetu ana taa moja na redio na hajawahi kujihurumia, ningemtilia piano ningekuwa nimemsengenya.

Waonyeshe wenyewe kwanza

Mfaransa Jean Rouch na mwenzake Edgar Morin walishuti watu wa Paris kiangazi cha 1960, wakawapa wadada maiki wakawa wanawasimamisha wapita njia na kuwauliza kama wana furaha, wengine wanapita kama hawajasikia. Kilichonifaa mimi ni jambo walilofanya mwishoni: waliwakalisha haohao waliowashuti wakawaonyesha, wakaanza kubishana nani kasema kweli na nani kaigiza, na ubishi huo ukawekwa ndani ya filamu yenyewe. Miaka zaidi ya sitini na bado watu wanamaliza kazi wanaipeleka kwenye tamasha kabla mwenye uani hajaiona. Tamasha lipo, lile la filamu la ZIFF kule Zanzibar usiliache, peleka, lakini uani kwanza.

Mimi nilionyesha mara mbili. Ya kwanza ndani, wapangaji sita tu, kwenye TV ya fundi cherehani, na hapo ndo dada wa barafu alijiona anaangalia chini. Nilikuwa nimeshajiandaa kuikata. Akasema irudishe. Nikairudisha. Akasema, "iache, ila weka na mwezi uliofuata nilivyotoa mara mbili." Alikuwa sahihi, sikuwa nimeweka, nilikuwa nimemwacha na deni lake milele. Nikarudi siku tatu kutafuta klipu ile, ipo, anahesabu noti juu ya friji, nikaiweka karibu na mwisho.

Ya pili nje. Shuka jeupe limefungwa kati ya nguzo mbili, projekta ya kukodi, spika za kijana wa vigodoro, muda baada ya isha ili msigombane na msikiti, na mwambie mjumbe siku mbili kabla. Mbele waweke watoto mkekani, watapiga kelele dakika tano za mwanzo kila wakiona mlango wanaoujua, usikasirike, anza na kitu kisichohitaji kusikika. Weka simu moja inarekodi watazamaji gizani, sauti tu. Ilipofika sini ya tokeni mtaa mzima ulikuwa unaitikia namba, na mtoto alipobonyeza sivyo watu kama 100 walipiga "futaaa!" kwa pamoja, mzee wa kahawa nyuma kabisa anagonga vikombe vyake.

Viti vilikuwa vya chama cha msiba, 80, nilisaini daftarini mwenyewe. Asubuhi tulihesabu mara tatu, vilikuwa 78, nikalipa.